Watano Waliozuia Mlipuko Mmoja

Mume wa dada yangu tulimwita Mvuke, na jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha sabuni. Aliwasha moto, akalisha maji, akalichunga lile pipa kubwa la chuma linalogeuza maji kuwa mvuke na kuusukuma kwenye mabomba hadi kule sabuni inakopikwa. Alirudi nyumbani shati limeganda mgongoni na nyusi zimeungua nusu. Akikaa sebuleni, sikio lake lilikuwa jikoni, na kifuniko cha sufuria kikianza kucheza, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka.

"Mume wangu, hayo ni maji ya chai," dada alikuwa akimwambia. "Hebu kaa chini."

"Nakaa. Nilikuwa naangalia tu."

Kisha wenye kiwanda wakahamisha shughuli zao kwingine. Boila ilikatwakatwa vipande ikauzwa kama chuma chakavu, na shemeji alisimama nje ya uzio siku mbili akitazama cheche. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Maishani mwake hakuwahi kuomba kazi. Ile moja aliipata kwa sababu siku hiyo alikuwa akipita getini, mtu akamwita aje amshikie bomba, akashika, na hakuliachia mpaka kiwanda kinafungwa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na katika ukoo wetu mwalimu ndiye anayeulizwa kila kitu. Dada akaniita.

"Mdogo wangu, mwambie shemeji yako jinsi watu wanavyotafuta kazi siku hizi."

"Wanaanza na wasifu," nikasema.

Shemeji akanitazama kwa mashaka. "Wasifu si unasomwa mtu akishazikwa?"

"Huu unasomwa ukiwa hai, shemeji. Unaeleza wewe ni nani na umefanya nini."

"Basi uandike kifupi. Sijafanya mengi."

Mimi ndiye niliyempeleka kwa mpiga chapa. Nalisema hili mapema, lisije likaonekana nimelificha. Mwanamke huyo alikuwa na duka la steshenari la chumba kimoja, mashine ya nakala upande huu, kompyuta upande ule, na ukuta mwembamba uliomtenganisha na kibanda cha kinyozi, kiasi kwamba mashine ya kunyolea ikiwashwa upande wa pili, kalamu zilitetemeka mezani. Alijulikana kwa kuandika wasifu zinazoita watu kwenye usaili. Alikuwa na mdomo mwepesi, na vidole vyake vilikuwa vyepesi zaidi.

"Umefanikisha nini kazini?" akamwuliza shemeji.

"Hakuna. Boila haikulipuka."

"Kwa nini haikulipuka?"

Hapo ndipo shemeji alipofunguka. Akaeleza kuwa kila boila ina kioo, kijibomba cha kioo kilichosimama ubavuni, ambacho fundi anakitazama ajue maji yaliyomo ndani yamefika wapi. Maji yakipungua mno na moto unawaka, chuma kinaiva, na mtu akija kuongeza maji juu ya chuma hicho, kiwanda kinaruka. Alasiri moja kioo kilionyesha maji yako nusu, lakini moyo wake ukakataa. Pampu ilikuwa ikilia sauti nyingine. Akakifungua kioo kukipuliza, yaani kuyaacha maji yake yatoke ili yajae upya, na maji yalipotoka hayakurudi. Tundu la chini lilikuwa limezibwa na ukoko wa chokaa. Ile nusu iliyoonekana ilikuwa maji ya zamani yaliyokwama tu, na boila ilikuwa karibu tupu. Akauzima moto, akawatoa watu sitini nje.

Mpiga chapa alikuwa ameacha kuchapa, mikono ikiwa hewani. Mashine ya kunyolea upande wa pili nayo ilikuwa imenyamaza.

"Kaka," mwanamke akasema, "na hilo ulitaka kulificha?"

Akaliandika vizuri kweli. Akaweka tarehe, saa tisa alasiri, na kwamba fundi alikuwa peke yake zamu. Mwishoni akaweka jina na simu ya msimamizi wake wa zamani, mzee aliyestaafu, awe mdhamini. Juu kabisa akaongeza "mchapakazi mwenye maono," na shemeji akauliza maono ya nini, akaambiwa hivyo ndivyo inavyoandikwa.

Tukasambaza. Tulipeleka viwandani kwa mkono, tukatuma kwa barua pepe. Nikamfungulia na ukurasa kwenye mtandao ule ambao watu hutangazia kazi zao. Picha niliyompiga alitoka kama mtu anayetafutwa na polisi. Kwa miezi mitatu ukurasa ule ulikuwa na wafuasi wanne: mimi, dada, muuza magodoro mmoja, na mtu ambaye hatumjui hadi leo. Hakuna aliyepiga simu. Shemeji alianza kwenda kukaa kwenye cherehani ya dada, akikanyaga pedali bila kitambaa, miguu isisahau kazi.

Mwezi wa nne simu ikaita. Kiwanda cha juisi kilikuwa kinamwita kwenye usaili.

Dada akampigia pasi shati mara mbili. Akaondoka asubuhi amenyooka. Saa tano nilikuwa darasani nikamwona mlangoni pa darasa langu, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Rangi ilikuwa imemtoka usoni, na mkononi alikuwa na kalamu ambayo haikuwa yake. Nikawapa wanafunzi zoezi, nikatoka nje.

"Shemeji," akasema, "tuko watano."

"Watano wapi?"

"Mimi. Mimi niko watano."

Nikadhani jua limempiga. Ilichukua muda mpaka nikaelewa.

Alipoingia chumba cha usaili alikuta watu wawili: afisa utumishi kijana kijana hivi, na mhandisi mkuu, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni. Hawakumwuliza jina. Mhandisi alimsogezea karatasi akamwomba asome mstari wa tatu kwa sauti. Akasoma. Tarehe kumi na nne, saa tisa alasiri, nikiwa peke yangu zamu, niligundua kioo cha maji kinadanganya. Akainua macho kutazama juu ya karatasi, na jina lililokuwa pale halikuwa lake.

Alidhani wamekosea kuchapa. Mhandisi akaweka ya pili juu ya meza. Tarehe ileile, kioo kilekile, watu sitini walewale, jina jingine. Akaweka ya tatu, kisha ya nne. Hiyo ya nne ilisema hata kuwa mwombaji ni baba wa watoto watatu na mkewe ni fundi cherehani, kama shemeji mwenyewe.

"Na hii ya tano ni ya kwako," mama yule akasema. "Sasa nieleze. Siku hiyo mlikuwa mafundi wangapi zamu?"

"Nilikuwa peke yangu, mama."

"Ndivyo wanavyosema na wenzako wanne. Kila mmoja alikuwa peke yake."

Afisa utumishi alicheka, kisha akajikohoza. Mhandisi yeye hakucheka. Alieleza kuwa wamewaita wote watano kwa makusudi waone nani atajitokeza. Watatu hawakuja. Mmoja alikuja jana yake, akaulizwa kioo cha maji ni nini, akajibu ni dirisha la chumba cha boila.

"Wewe unasemaje?"

Shemeji yangu, mtu anayeweza kuifungua boila na kuifunga akiwa amefumba macho, alianza kuzihesabu upya zile karatasi. Aliniambia ilikuwa kama kupishana na mtu njiani amevaa uso wako. Alichoweza kutamka ni maneno matatu tu, "Siku hiyo yangu," akainuka, akatoka. Kalamu ya watu ilikuwa bado mkononi.

Tukaketi kwenye ngazi za shule. Nikampigia yule msimamizi mstaafu kwanza, kwa simu ya shemeji, maana simu yake ilikuwa kwenye karatasi zote tano. Mzee alikuwa na sikio zito, kwa hiyo alizungumza kama anayehutubia mkutano.

"Mvuke! Bado tu hujapata kazi?" akafoka kwa furaha. "Mimi nimekusifu mpaka nimechoka! Wamenipigia mara kumi na moja!"

Shemeji akanitazama. "Mara ngapi, mzee?"

"Kumi na moja! Wananiuliza unamjua fundi wa boila wa kiwanda cha sabuni, nasema namjua kama mkono wangu. Aliyezuia mlipuko? Ndiye huyo huyo, mchukueni!"

"Walikutajia jina gani?"

"Jina silisikii vizuri, lakini fundi wa boila tulikuwa naye mmoja tu!"

Simu ikakatika. Mzee wa watu alikuwa amewadhamini watu asiowajua, simu baada ya simu, kwa roho safi kabisa.

Nikaomba ruhusa kazini, tukaenda kwa mpiga chapa. Nilitegemea ataruka, ataapa. Wala. Alitukaribisha viti.

"Si ndiyo hiyo nzuri?" akasema. "Watu waliipenda, kaka. Wakija nawaonyesha mfano, wanasema niandikie kama ya yule fundi. Nabadilisha jina."

"Unabadilisha jina," shemeji akarudia.

"Na tarehe ya kuzaliwa."

"Umewaandikia wangapi?"

Akafungua kompyuta, akahesabu kwa ncha ya kalamu kwenye skrini. "Thelathini na moja."

Shemeji akashika ukingo wa meza. Nikadhani atapiga kelele, lakini aliuliza kwa sauti ndogo, ndogo sana, "Hao ni mafundi wa boila?"

"Wengine mafundi. Wengine walikuwa wanatafuta chochote." Mwanamke akaanza kuona nyuso zetu. Tabasamu likampungua. "Kuna waliofanikiwa, kaka. Watatu wamerudi kunishukuru. Mmoja ni jirani yangu wa hapa."

Akagonga ukuta mwembamba kwa kiganja. Tukagundua wakati mmoja, mimi na shemeji, kwamba upande wa pili kulikuwa kimya. Kibanda kilikuwa kimefungwa kufuli.

"Kinyozi?" nikauliza.

"Amepata kazi ya boila kwenye dobi kubwa, kule wanakofua mashuka ya hoteli. Mwezi wa pili sasa."

Nimeishi na shemeji yangu miaka mingi. Nimemwona akizika wazazi wake, nimemwona siku ya kufungwa kiwanda. Sikuwahi kumwona anakimbia. Siku hiyo alikimbia, mtu mzima mwenye shati la usaili, na mimi nyuma yake na chaki bado kwenye vidole.

Dobi lilikuwa jengo refu la bati. Mlinzi alituzuia. Shemeji hakubishana naye, alisema tu, "Mwite fundi wa boila. Mwambie kaja mwenye wasifu."

Kinyozi alitoka. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye ndevu zilizochongwa kwa mstari safi, na ovaroli mpya iliyomzidi. Alipomwona shemeji alijua mara moja. Aliangalia chini.

"Ni wewe," akasema. "Nilikusikia kupitia ukutani."

"Unakipuliza kioo?"

"Nakipuliza nini?"

"Kioo cha maji. Kila zamu. Unakipuliza?"

"Kaka, mimi nakifuta tu kwa kitambaa."

Shemeji alifumba macho kidogo. "Twende unionyeshe."

Chumba cha boila kilikuwa nyuma, kikiwa kimetenganishwa na ukumbi wa kupiga pasi kwa ukuta mmoja wa matofali. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliwaona wanawake wa pasi, kama ishirini hivi, wakikunja mashuka na kucheka juu ya jambo lao. Boila ilikuwa ya kuni, ndogo kuliko ile ya sabuni, lakini ilikuwa ikinguruma. Mimi si fundi, na sikuona ubaya wowote. Shemeji alitazama kioo, akavifungua vibomba vyake, maji yakatoka yakarudi. Akashusha pumzi. Kisha akainua macho juu ya boila, na hiyo pumzi ikakatika.

Pale juu kuna valvu ya usalama. Kazi yake ni moja: mvuke ukizidi, ifunguke yenyewe iutoe nje kabla chuma hakijapasuka. Mkono wa valvu ile ulikuwa umefungwa waya. Waya mnene wa kujengea, umezungushwa mara nne na kukazwa kwa koleo.

"Nani kafunga hii?" Hakupaza sauti.

"Mimi," kinyozi akasema. "Ilikuwa inapiga kelele kutwa. Meneja akasema tunapoteza mvuke. Nilipoifunga akanisifu."

Mshale wa geji ya presha ulikuwa umepita alama nyekundu. Hilo hata mimi nililiona. Kinyozi alikuwa tayari anapanda ngazi na koleo mkononi. Shemeji alimkamata kwa ovaroli.

"Usiguse huo waya! Valvu ikifunguka kwa kishindo sasa hivi hatujui itatufanya nini. Funga mlango wa hewa. Usiweke hata kijiti. Shemeji, watoe wale kina mama. Usipige kelele, wasikanyagane. Waambie watoke na waende mbali na ukuta huu."

Niliingia ukumbini nikasema kwa sauti ya darasani, ile ninayotumia siku ya mtihani, "Kina mama, simameni, acheni kila kitu, tutoke taratibu." Sijui kwa nini walinitii. Mmoja aliuliza kama kuna moto, nikasema bado, na hilo neno bado likawafanya waongeze mwendo.

Tulisimama ng'ambo ya barabara. Ndani walibaki watu wawili, mmoja fundi na mmoja kinyozi. Shemeji alimwambia atoke, akakataa. Nilisikia mvuke ukianza kutoka kwenye bomba la nyuma, kwanza kama mtu anayepuliza uji, kisha ukaongezeka polepole, kwa kipimo, mpaka wingu jeupe likapanda juu ya bati. Nilikuwa najiuliza nikimrudia dada peke yangu nitasema nini. Dakika arobaini. Najua kwa sababu mwanamke aliyesimama kando yangu alikuwa akiangalia saa na kunitangazia, ingawa sikumwuliza.

Meneja alifika kabla hawajamaliza. Aliona wafanyakazi nje, akaona wingu, akapandwa na hasira. Shemeji alipotoka, nguo zimelowa, mtu yule alimkabili palepale.

"Nani kakuruhusu kuzima boila yangu? Una habari nina mashuka mia nne yanasubiri?"

Shemeji alikamua maji kwenye shati lake. "Sawa," akasema. "Waya nimeuacha ulivyo. Ingia wewe mwenyewe uwashe. Sisi tutakusubiri hapa hapa barabarani."

Meneja alikwenda mpaka mlangoni. Alitazama juu muda mrefu. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, akakaa juu ya kikapu cha mashuka machafu bila kuangalia anakalia nini. Kinyozi alikuwa ameegemea ukuta, analia waziwazi, na wanawake wa pasi hawakujua wamfokee au wampe maji. Mmoja akampa maji.

Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, tulirudi kwa mpiga chapa tukachukua orodha. Alikuwa ameshapata habari. Alikuwa amezima mashine zote, amekaa mikono mapajani. Majina thelathini na moja na namba za simu aliyaandika mwenyewe kwa mkono, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinakosea herufi kwenye kompyuta. Akasema atasaidia kupiga. Tukagawana. Shemeji alizungumza na kila aliyepokea vilevile: hakutukana, hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Uko karibu na boila?" Wengi hawakuwa. Mmoja alikuwa anauza viatu. Mmoja akakata simu, akapigiwa tena mara nane mpaka akapokea. Wawili walikuwa kazini kwenye boila kweli, mmoja jikoni mwa shule ya bweni, na shemeji aliondoka kesho yake asubuhi kwenda kwao wote wawili bila kunywa chai.

Usingizi ulimpaa wiki nzima. Dada ndiye aliyesema hayo yaandikwe. "Una huo ukurasa wenu wa watu wanne," akaniambia. "Kama haufai kuombea kazi, utafaa kuonya watu."

Safari hii hatukumwita mpiga chapa wala hatukuweka maono. Shemeji alisema, mimi nikaandika kama alivyosema. Tukaweka picha ya ule waya. Alisema: Mimi ni fundi wa boila. Wasifu wangu umetumiwa na watu thelathini na moja. Kama umemwajiri mmoja wao, usimfukuze leo. Kwanza nenda kaangalie valvu yako ya usalama iko huru. Chini akaeleza hatua sita za kukagua, kwa maneno ambayo hata mimi mwalimu wa historia niliyaelewa.

Nilipofungua asubuhi nilidhani ukurasa umeharibika. Watu mia saba walikuwa wameusambaza. Mafundi wa mbali walikuwa wanauliza maswali, naye akakaa na simu yangu akijibu kwa kidole kimoja, mmoja mmoja, hakuna aliyemruka. Watu aliofanya nao kazi kwenye sabuni walijitokeza wakaandika wanachokumbuka juu yake: mmoja aliyefundishwa naye kusoma geji, mwingine aliyetolewa na yeye chumba cha boila kwa kuvuta sigara. Mtu mmoja aliweka picha ya waya mwingine, wa boila nyingine, umeshakatwa, na nyuma yake jiko la boila limezimwa. Hakuandika lolote chini ya picha. Shemeji aliiangalia, akanirudishia simu, akatoka nje akasimama uani.

Siku ya nne, mhandisi wa kiwanda cha juisi aliandika: "Yule mwenye kalamu yangu, tafadhali rudi tumalizie mazungumzo."

Dada alimfanyisha mazoezi. Yeye nyuma ya cherehani ndiye mhandisi, shemeji kwenye kigoda ndiye mwombaji. Alimsimamisha kila alipotazama sakafu.

"Mimi niko huku, sio kwenye zulia. Niambie kosa lako kubwa kazini."

"Mke wangu, hilo nalo linaulizwa?"

"Linaulizwa. Na usiniambie kosa lako ni kufanya kazi kupita kiasi, nitakurushia mkasi."

Akavuta kigoda karibu. Kisha akasema jambo ambalo hata dada, mkewe, hakulijua. Na kule kwenye usaili lilipoulizwa kweli, alilisema tena, safari hii akitazama watu usoni. Mwaka wake wa tatu alifungua bomba bila kumwambia mwenzake aliyekuwa upande wa pili. Mvuke ukamchoma mwenzake mkono mpaka kiwiko. Tangu siku hiyo hagusi bomba lolote kabla hajaita kwa sauti na kujibiwa. Alama ya mkono ule anaijua kuliko mikono yake mwenyewe.

Afisa utumishi aliacha kuandika. Mhandisi alivua miwani.

"Hili halimo kwenye karatasi ya mtu yeyote," akasema.

"Hapana, mama. Hata kwenye yangu halikuwamo."

Walimchukua. Wakampeleka chumba cha boila siku hiyo hiyo, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwauliza waliokuwamo majina yao.

Mpiga chapa bado anaandika wasifu, lakini sasa anafuta kila faili mteja akishachukua karatasi zake, na amebandika tangazo ukutani linalosema hivyo kwa herufi kubwa. Sijui kama nimemsamehe. Sijui kama nimejisamehe mimi. Kinyozi alirudi kwenye kibanda chake. Nilikwenda kunyolewa mara moja, na alipomaliza alikataa kunitazama kwenye kioo, akanipa taulo akageuka.

Kwenye ile orodha tumewapata thelathini. Wa mwisho hatujampata mpaka leo. Tuliuliza mtandaoni, tukaenda mpaka nyumba aliyokuwa amepanga, jirani akasema alihama kwa furaha, amepata kazi nzuri mji mwingine, hakumbuki upi. Namba yake haipatikani. Shemeji anaipiga kila Jumatatu asubuhi akiwa amesimama nje ya geti la kiwanda cha juisi, anasikiliza mpaka mwisho ile sauti inayosema jaribu tena baadaye, halafu anaingia kazini.